Jinsi ya kupata fomula ya mfuatano wa namba, hatua kwa hatua

Muulize mtoto wa darasa la tano namba inayofuata katika 7, 11, 15, 19, naye hatakawia: 23. Muulize namba ya 100 katika mfuatano huohuo, utamwona anavuta daftari na kuanza kujumlisha nne, nne, nne, mpaka mkono uchoke, na mahali fulani njiani atakosea. Wengi tumemaliza shule tukiwa bado tunajumlisha nne, nne. Nafundisha masomo ya ziada, na kila mwaka nawaona wanafunzi wenye akili nzuri wakikwama papo hapo kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaonyesha pa kuanzia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya hiyo namba ya 100.

Tafuta daftari na kalamu. Ukijua kuzidisha, kugawanya, na aljebra ya kutafuta x, unatosha kabisa.

Andika nafasi juu ya namba

Hili linaonekana dogo, na ndilo linaloamua kila kitu. Usiandike mfuatano peke yake. Andika mistari miwili:

Nafasi (n): 1, 2, 3, 4, 5
Namba: 7, 11, 15, 19, 23

Namba iliyo kwenye nafasi ya kwanza tutaiita A₁, ya pili A₂, na ile iliyo kwenye nafasi yoyote ile tutaiita Aₙ. Hapa A₃ ni 15. Kutafuta fomula maana yake ni kutafuta njia ya kushuka moja kwa moja kutoka mstari wa juu hadi wa chini: nikikupa n, unipe Aₙ bila kupitia kwa majirani zake.

Kuna mwanafunzi wangu aliyeniandikia kwa mfuatano huu: Aₙ = n + 4. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, si tunajumlisha nne kila mara?" Ni kweli tunajumlisha nne, lakini tunaijumlisha kwenye namba iliyotangulia. Alichokigundua ni sahihi, ila ameuchukua uhusiano wa kwenda kulia kwenye mstari wa chini na kuuweka kwenye uhusiano wa kushuka kutoka juu. Nikamwambia ajaribu n = 1: fomula yake ikatoa 5, daftari lasema 7. Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote, na dawa yake ni hiyo mistari miwili pamoja na kujaribu n = 1 kabla hujaridhika.

Uliza namba zimetoka wapi

Kabla ya kuanza kutoa na kugawanya, jiulize kama mfuatano umetokana na kitu: picha, hadithi, deni, mpangilio wa meza. Kama umetokana na kitu, kitu hicho kinajua fomula kuliko namba zenyewe.

Chukua meza za mama lishe. Meza moja inakaa watu 6: wawili upande huu, wawili upande ule, na mmoja kila kichwa. Wateja wakiwa wengi anaunganisha meza kichwa kwa kichwa. Meza mbili zinakaa watu 10, tatu 14, nne 18. Unaweza kuchezea namba hizo utakavyo, lakini ukizitazama meza utaona kwamba kila meza ina watu wanne wa ubavuni, na safu nzima, iwe ndefu au fupi, ina watu wawili tu wa vichwani. Kwa hiyo meza n zinakaa 4n + 2. Hukubahatisha chochote. Ile 4 ina watu wake na ile 2 ina watu wake, na mtu akikuuliza meza 30, unamjibu 122 bila wasiwasi.

Mara nyingi lakini tunapewa namba tupu. Hapo ndipo tunahitaji zana.

Zana ya kwanza: toa jirani kwa jirani

Toa kila namba kutoka kwenye ile inayoifuata, uandike tofauti chini yake. Kwa 7, 11, 15, 19, 23 tofauti ni 4, 4, 4, 4. Tofauti ikiwa ileile kila mara, fomula ni ya umbo hili: tofauti mara n, kisha ongeza au punguza kitu. Yaani 4n + c.

Kuipata c, vitabu hukupa Aₙ = A₁ + (n − 1)d, ambapo d ni ile tofauti, na ni sawa. Mimi hupendelea kurudi nyuma hatua moja. Kabla ya 7 kungekuwa na namba gani? 7 − 4 = 3. Hiyo ndiyo namba ya nafasi ya sifuri, na ndiyo c yenyewe. Fomula ni Aₙ = 4n + 3. Jaribu: n = 1 inatoa 7, n = 5 inatoa 23. Namba ya 100 ni 403.

Mfuatano ukishuka, kazi ni ileile. Kwa 95, 88, 81, 74 tofauti ni −7. Ukirudi nyuma hatua moja unapata 102. Aₙ = 102 − 7n.

Fomula ikishapatikana, inajibu pia swali la kinyume. Je, 203 imo kwenye mfuatano wetu wa kwanza? Weka 4n + 3 = 203, n = 50. Imo, ni ya 50. Na 210? 4n = 207, n = 51.75. Hakuna nafasi ya 51.75, kwa hiyo haimo.

Tofauti zisipolingana: toa tena

Sasa twende jikoni. Chukua chapati moja na kisu. Unaruhusiwa kukata kwa mistari iliyonyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, na hulazimiki kupata vipande vinavyolingana. Unataka vipande vingi iwezekanavyo. Mkato mmoja: vipande 2. Miwili inayokatizana: 4. Wa tatu? Wengi hupitisha kisu pale katikati mikato miwili ilipokutana, wanapata 6. Ukisogeza kisu pembeni kidogo ili kikatize kila mkato mahali pake, katikati kunabaki kipande kidogo cha pembetatu, na vipande vinakuwa 7. Mikato minne hutoa 11, mitano 16.

Mikato (n): 1, 2, 3, 4, 5
Vipande: 2, 4, 7, 11, 16
Tofauti za kwanza: 2, 3, 4, 5
Tofauti za pili: 1, 1, 1

Tofauti za kwanza hazilingani, lakini tofauti za tofauti zinalingana. Hiyo ni dalili ya fomula yenye n²: umbo lake ni an² + bn + c. Na a ni nusu ya ile tofauti ya pili. Kwa nini nusu? Tazama n² yenyewe: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti zake ni 3, 5, 7, 9, na za pili ni 2, 2, 2. Kila n² moja huzalisha tofauti ya pili ya 2. Ukiona 2 ujue kuna n² moja. Ukiona 6 kuna tatu. Hapa tumeona 1, basi kuna nusu yake.

Ukishaijua a, usikimbilie milinganyo mitatu kwa mpigo. Toa an² kutoka kwenye kila namba, kisha tazama kilichobaki. Nitaonyesha kwanza kwa namba zisizo na sehemu: 5, 12, 23, 38, 57. Tofauti za kwanza ni 7, 11, 15, 19. Za pili ni 4, 4, 4. Kwa hiyo a = 2. Orodha ya 2n² ni 2, 8, 18, 32, 50. Toa:

5 − 2 = 3
12 − 8 = 4
23 − 18 = 5
38 − 32 = 6
57 − 50 = 7

Kilichobaki ni 3, 4, 5, 6, 7, na hicho tayari unakijua: n + 2. Fomula ni 2n² + n + 2. Namba ya 100 ni 20,102. Tena njia hii inajisahihisha yenyewe: ukikosea a, mabaki hayatakuwa na tofauti inayolingana, nawe utajua papo hapo.

Rudi kwenye chapati. Ukitoa n²/2 unabaki na 1.5, 2, 2.5, 3, 3.5, yaani n/2 + 1. Kwa hiyo vipande ni (n² + n + 2)/2. Mikato 10 hutoa vipande 56.

Je, tuna uhakika gani kwamba mkato wa sita utatoa 22, na si 21 au 23? Jedwali la tofauti haliwezi kutuambia. Limeona mikato mitano tu. Chapati inaweza. Mkato wa sita unakatiza mikato mitano iliyotangulia, mara moja kila mmoja. Hayo makutano matano yanaugawa mkato mpya katika sehemu sita, na kila sehemu inapasua kipande kimoja cha zamani kuwa viwili. Vinaongezeka vipande sita kamili. Vivyo hivyo mkato wa n huongeza vipande n. Tulianza na chapati nzima, kipande 1, kisha tukaongeza 1 + 2 + 3 + … + n.

Jumla hiyo ni ile inayosimuliwa katika hadithi ya mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, kwamba akiwa mtoto shuleni alijumlisha 1 hadi 100 kwa haraka iliyomshangaza mwalimu. Iandike jumla mara mbili, moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma, moja juu ya nyingine. Kila jozi inatoa n + 1, na jozi ziko n. Umepata mara mbili ya jumla, basi gawanya kwa mbili: n(n + 1)/2. Kwa 100 ni 5050. Ongeza 1 ya chapati nzima, na unaona fomula yetu imerudi kwa njia nyingine kabisa. Fomula ikifika mahali pamoja kwa njia mbili, moja ya namba na moja ya sababu, hapo ndipo mimi huamini.

Ngazi ya tatu na kuendelea

Muuza machungwa anayepanga kwa mraba huanza juu na chungwa 1, chini yake 4, chini yake 9, kisha 16. Jumla ya machungwa kwa tabaka n ni 1, 5, 14, 30, 55. Tofauti za kwanza 4, 9, 16, 25. Za pili 5, 7, 9. Za tatu 2, 2. Tumeshuka ngazi tatu, kwa hiyo kuna n³ ndani.

Kuanzia hapa kuna fomula moja inayofanya kazi kwa ngazi yoyote, ambayo hubeba jina la Isaac Newton. Chukua namba ya kwanza ya kila mstari wa jedwali lako: hapa ni 1, 4, 5, 2. Kisha andika:

Aₙ = 1 + 4(n − 1) + 5(n − 1)(n − 2)/2 + 2(n − 1)(n − 2)(n − 3)/6

Vigawanyo ni 1, 2, 6, na kama ungekuwepo mstari mwingine, 24: yaani 1, 1×2, 1×2×3, 1×2×3×4. Jaribu n = 4: 1 + 12 + 15 + 2 = 30. Ndiyo. Tabaka 10: 1 + 36 + 180 + 168 = 385. Ukifungua mabano yote na kupanga upya utapata n(n + 1)(2n + 1)/6, lakini hulazimiki. Fomula isiyo nzuri machoni inayotoa jibu sahihi ni fomula.

Tofauti zikikataa kutulia

Ukitoa mara tatu, mara nne, na bado tofauti hazilingani, acha kutoa. Tazama sura yake. Kwa 3, 6, 12, 24, 48 tofauti ni 3, 6, 12, 24: mfuatano umejirudia wenyewe. Utatoa mpaka kesho na utakuta kitu kilekile. Hapo gawanya jirani kwa jirani. Ukipata namba ileile kila mara, hapa 2, fomula ni namba ya kwanza mara 2 kwa kipeo cha n − 1: Aₙ = 3 × 2ⁿ⁻¹.

Kuna mchanganyiko unaowasumbua watu zaidi: 5, 11, 23, 47, 95. Ukigawanya hupati namba moja. Ukitoa unapata 6, 12, 24, 48, na hizo zinajizidisha kwa 2. Basi fomula ni k × 2ⁿ + c. Namba ya pili toa ya kwanza ni 4k − 2k = 2k, na tumeona ni 6, kwa hiyo k = 3. Na 3 × 2 + c = 5, kwa hiyo c = −1. Aₙ = 3 × 2ⁿ − 1.

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu umbo hili ndilo la madeni. Dada mmoja mfanyabiashara alinijia na daftari lake. Alikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya salio, na alikuwa akilipa 10,000 kila mwezi bila kukosa. "Kaka, mbona nalipa na deni halishuki?" Tukaandika. Mwezi wa kwanza deni linakua hadi 110,000, analipa 10,000, linabaki 100,000. Mwezi wa pili vilevile. Mfuatano wake ulikuwa 100,000, 100,000, 100,000, na ungeendelea hivyo maisha yake yote.

Tukabadilisha: alipe 20,000. Sasa kila mwezi salio jipya ni salio la zamani mara 1.1, toa 20,000. Kupata fomula, tafuta kwanza salio ambalo lingebaki palepale. Liite x: x = 1.1x − 20,000, kwa hiyo 0.1x = 20,000, x = 200,000. Hiyo ndiyo mizani. Kiasi ambacho deni lako liko chini ya mizani ndicho kinachozidishwa kwa 1.1 kila mwezi. Yeye yuko 100,000 chini yake. Salio baada ya miezi n ni:

Sₙ = 200,000 − 100,000 × 1.1ⁿ

Hakikisha kwa mkono: mwezi wa kwanza 90,000, wa pili 79,000, wa tatu 66,900. Deni linaisha pale 1.1ⁿ inapofikia 2. Kipeo cha 7 ni takribani 1.95, cha 8 ni 2.14. Kwa hiyo baada ya mwezi wa saba anabaki na kama shilingi 5,128, na mwezi wa nane anamaliza. Kuongeza shilingi 10,000 kwa mwezi kunageuza deni la milele kuwa deni la miezi minane. Kabla ya kusaini mkopo wowote wa namna hii, tafuta x. Malipo yako yakifanya x iwe sawa na deni au chini yake, usisaini.

Sehemu, alama, na mifuatano miwili ndani ya mmoja

Haya nitapita haraka, maana ukishayaona mara moja yanakaa.

Sehemu: shughulikia kiasi peke yake na asili peke yake. Tahadhari ni kwamba aliyetunga swali huenda amerahisisha. Ukipewa 1/3, 1/2, 3/5, 2/3, 5/7, hutaona kitu mpaka urudishe zile zilizorahisishwa: 1/3, 2/4, 3/5, 4/6, 5/7. Sasa ni n/(n + 2).

Alama zikibadilishana, chanya, hasi, chanya, hasi, ziondoe, tafuta fomula ya namba zilizobaki, kisha uizidishe kwa (−1)ⁿ⁺¹. Zikianza na hasi, tumia (−1)ⁿ.

Mfuatano unaopanda na kushuka kama 1, 10, 3, 20, 5, 30 huenda ni miwili iliyosukwa pamoja: nafasi za witiri zina 1, 3, 5, ambazo ni n yenyewe, nafasi za shufwa zina 10, 20, 30, ambazo ni 5n. Andika fomula mbili, kila moja na nafasi zake. Hakuna ubaya.

Na kabla ya zana zote hizi, jizoeze kuzitambua sura za kawaida kwa macho. 0, 3, 8, 15, 24 ni namba za mraba zilizopungua moja. 2, 6, 12, 20, 30 ni 1×2, 2×3, 3×4, 4×5, 5×6, basi n(n + 1).

Mfuatano wa Fibonacci

1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55. Kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Unajulikana kwa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeuweka katika kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202 kwa swali la sungura wanaozaana. Akiwa kijana alijifunzia hesabu Bugia, mji ulio Algeria ya leo. Wanahisabati wa India walikuwa wakiujua kabla yake.

Kanuni ya kutoka kwa majirani ni nyepesi mno, na watu hudhani fomula ya moja kwa moja nayo itakuwa nyepesi. Sivyo. Mwanahisabati Jacques Binet aliichapisha mwaka 1843, ingawa wengine walishaijua kabla yake. Kwa matumizi ya daftarini inatosha hivi: chukua (1 + √5)/2, ambayo ni takribani 1.618, ipandishe kwa kipeo cha n, gawanya kwa √5, kisha kadiria kwenye namba nzima iliyo karibu. Kwa n = 10 unapata kama 55.004, jibu ni 55. Namba nzima tupu zinatokana na kipeuo cha pili cha 5. Mimi hili bado linanifurahisha kila ninapolifundisha.

Na kuna mifuatano isiyo na fomula nyepesi kabisa. Namba tasa, 2, 3, 5, 7, 11, 13, ni mfano mkuu. Fomula n² + n + 41, inayohusishwa na mwanahisabati Leonhard Euler, hutoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39. Mara 40 mfululizo! Kwa n = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41.

Mtego wa 32

Miaka ya mwanzo ya kufundisha niliwahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni 1, 2, 4, 8, 16 na kuwaambia, bila kusita, kwamba inayofuata ni 32 na haiwezi kuwa nyingine. Niliwafundisha vibaya.

Chora duara. Weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mistari iliyonyooka, huku ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja ndani. Hesabu maeneo. Nukta moja: eneo 1. Mbili: 2. Tatu: 4. Nne: 8. Tano: 16. Sasa weka ya sita, taratibu, usizipange kwa umbali sawa maana mistari mitatu itakutana katikati. Hesabu kwa kuweka alama kila eneo ili usirudie. Utapata 31. Ukihesabu tena utapata 31.

Rudi kwenye jedwali la tofauti la 1, 2, 4, 8, 16. Tofauti za kwanza 1, 2, 4, 8. Za pili 1, 2, 4. Za tatu 1, 2. Ya nne 1. Mtu anayeona "zidisha kwa mbili" anapata 32. Mtu anayeshika ile 1 ya ngazi ya nne na kuiendeleza, anapata 3 kwenye mstari wa tatu, 7 kwenye wa pili, 15 kwenye wa kwanza, na 31 kwenye mfuatano. Wote wawili wana fomula inayolingana na namba tano zote. Namba hazina uwezo wa kuwaamua. Duara ndilo linaloamua.

Naam, ukitaka unaweza kuulazimisha mfuatano wowote uende popote. 2, 4, 6, 8, halafu? Fomula 2n + (n − 1)(n − 2)(n − 3)(n − 4) inatoa 2, 4, 6, 8 bila kosa, kisha 34. Kwa hiyo kwenye mtihani, unapopewa namba tupu, unaombwa fomula iliyo nyepesi kuliko zote inayolingana nazo. Kwenye kazi ya kweli, unapotumia fomula kukisia kinachokuja, weka pembeni namba moja au mbili usizozitumia kuitafuta fomula, uzitumie kuijaribu. Na zaidi ya hapo tafuta sababu, kama tulivyofanya kwenye chapati.

Ukikwama kabisa, kuna msaada wa bure kwenye intaneti: ensaiklopidia ya mifuatano inayojulikana kwa herufi OEIS, iliyoanzishwa na Neil Sloane. Alianza kukusanya mifuatano mwaka 1964, na mkusanyiko ukaingia kwenye intaneti mwaka 1996. Andika namba zako tano au sita, zikitengwa kwa mkato wa uandishi, nayo inakuletea mifuatano yote iliyonayo inayozibeba. Chapati yetu imo kwa namba A000124, duara letu kwa namba A000127. Andika 1, 2, 4, 8, 16 uone ni majibu mangapi tofauti yatakayokuja.

Mazoezi

Fanya haya bila kutazama majibu, kila moja kwa mistari miwili, nafasi juu na namba chini.

1. 9, 16, 23, 30
2. 4, 9, 18, 31, 48
3. 1/4, 2/5, 1/2, 4/7, 5/8
4. Mkopo wa shilingi 300,000, riba asilimia 5 kwa mwezi juu ya salio, malipo 25,000 kila mwezi. Andika fomula ya salio na useme deni linaisha mwezi wa ngapi.

Majibu. La kwanza ni 7n + 2. La pili ni 2n² − n + 3. Ukitoa 2n² mabaki ni 2, 1, 0, −1, −2, na hapo wengi hukosea alama. La tatu ni n/(n + 3), ukirudisha 1/2 kuwa 3/6. La nne: mizani ni 500,000, kwa hiyo Sₙ = 500,000 − 200,000 × 1.05ⁿ, linaisha pale 1.05ⁿ inapopita 2.5, nayo ni mwezi wa 19. Kisha lirudie hilo la nne kwa malipo ya 15,000, uone x inakuwa ngapi.